Flashi Mfukoni, Kariakoo

"Kaka, hii ni RX 580 yenyewe, gigi nane. Hata skrubu haijaguswa."

Boksi lilisema hivyo hivyo. Stika mgongoni mwa kadi ya michoro nayo ilisema hivyo. Kijana wa duka, kikombe cha chai mkononi, hakuwa na sababu ya kusema vingine. Nikamwomba jambo moja tu: aichomeke kwenye kompyuta yake ya kujaribia, halafu aniruhusu niiwashe kwa flashi yangu.

"Isije ikawa na virusi."

"Ina mfumo wa Linux tu."

Akasogeza kiti. Dakika mbili baadaye nikafungua dirisha la amri, nikaandika lspci -nn, amri inayoorodhesha vifaa vya kompyuta, nikatafuta mstari wa kadi. Ulikuwepo, na mwishoni mwake paliandikwa: Radeon RX 580 2048SP, namba 1002:6fdf.

Huo mkia wa 2048SP haukuwa kwenye boksi.

"Una maana gani?" akauliza. Nikamweleza. Mwaka 2018 AMD, kampuni inayotengeneza kadi hizi, walitoa kadi kwa soko la China, wakaipa jina la RX 580 na mkia huo. RX 580 kamili ina viini vidogo vya kuchakata 2304. Hii ina 2048, hesabu ile ile ya RX 570. Si kadi ya bandia na haina kosa lolote. Ila yeye alikuwa anataka laki tatu na ishirini, bei ya ile kamili.

Kijana aliutazama ule mstari muda mrefu. Niliona wazi kwamba hakuwa anajua, na nadhani hata aliyemuuzia hakujua.

Akainuka kwenda kutafuta nyingine.

## Kioo cheusi

Safari hiyo ya Kariakoo ilianza wiki tano nyuma, usiku wa Jumatano. Wanaonifahamu wanajua kwamba mwisho wa wiki narekodi video za harusi, send-off na kitchen party, nazikata kwenye Kdenlive, na majina ya maharusi yale ya dhahabu yanayozunguka nayatengeneza kwa Blender, programu ya michoro ya 3D. Yote kwenye Linux, kwenye mnara wa ofisi uliokwisha kufanya kazi Ulaya kabla ya kuletwa kwetu.

Ijumaa nilitakiwa kukabidhi video ya send-off. Jumatano usiku nikasasisha keneli, kiini cha mfumo wa Linux.

Kadi niliyokuwa nayo ilitegemea draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kutumia kadi) ya nje ya keneli, ile ambayo moduli yake hujengwa upya kila keneli inapobadilika. Ili ijengwe inahitaji vifurushi vya heda, yale mafaili ya keneli ya kujengea moduli. Mimi nilikuwa nimevifuta miezi kadhaa kabla, nikitafuta nafasi kwenye diski. Kwa hiyo kosa ni langu, na jina la kadi nitaliacha. Nikawasha upya. Kioo cheusi, kishale kimoja kinapepesa pembeni.

Simu nayo ikalia. Shangazi wa bibi harusi, ujumbe wa sauti: "Mwanangu, hujambo? Naulizia tu ile video, wageni wa Mwanza wanasafiri Jumamosi asubuhi."

Aliulizia tu.

Nilijaribu mambo ambayo mtu hujaribu saa saba za usiku, mengi yakiwa ya kijinga. Mwisho, kwa kukata tamaa zaidi kuliko kwa akili, nikachomoa kebo ya kioo kutoka kwenye kadi nikaichomeka kwenye tundu la mazabodi, kule nyuma, mahali ambapo vumbi lilikuwa limejenga nyumba. Ni tundu la michoro ya Intel iliyomo ndani ya prosesa. Sikuwa nimelitumia tangu niinunue mashine.

Kompyuta ikawaka. Rangi sawa, ukubwa wa kioo sawa, kila kitu mahali pake.

Video niliikabidhi Ijumaa saa tisa. Majina ya dhahabu hayakuzunguka sana, lakini hakuna mgeni wa Mwanza aliyelalamika.

## Tundu la nyuma

Jambo lililonisumbua baadaye ni lile tundu, kuliko hata kioo cheusi.

Prosesa yangu ni ya kizazi cha nne cha Intel, ya mwaka 2013. Sikuwahi kuisakinishia draiva. Sikuwahi kusoma habari zake. Keneli niliyoipakua usiku ule, mpya kabisa, ilikuwa imebeba draiva ya kipande cha silikoni chenye zaidi ya miaka kumi ambacho Intel yenyewe haina tena faida ya kukiuza.

Nikaanza kufuatilia, nikakuta jambo lililonishangaza zaidi. Sehemu ya pili ya draiva, ile inayokaa kwenye mradi wa Mesa na kutafsiri OpenGL (amri ambazo programu hutumia kuchora), kwa chipu za umri huo inaitwa crocus. Ilitoka mwaka 2021. Yaani watu walikaa wakaandika draiva *mpya* kwa ajili ya vifaa ambavyo vichanga zaidi kati yake vilikuwa na miaka saba au minane.

Kwa faida ya nani?

Kwa faida yangu, inaonekana. Mimi wa Sinza, na mnara wangu wa mtumba.

## Swali la watu wa kadi mpya

Wiki mbili nilisoma kila ulinganisho nilioupata wa kadi za michoro kwa Linux. Karibu zote zinauliza swali moja: kadi gani inafanya kazi vizuri *leo*? Iliyotoka mwezi uliopita, je, keneli inaijua? Inacheza michezo kwa fremu ngapi?

Ni maswali mazuri kwa mtu anayenunua kadi ikiwa bado na harufu ya kiwandani. Wengi wetu hapa hatununui hivyo. Kadi hutufikia ikiwa na miaka sita, saba, minane. Imekwisha kuchezewa michezo Uholanzi au Dubai. Pengine imechimba sarafu za kidijitali mchana na usiku mpaka Septemba 2022, Ethereum ilipoachana na uchimbaji wa kadi na masoko yakafurika. Sisi tunaipokea siku zile ambazo aliyeitengeneza anaanza kuisahau.

Kwa hiyo swali langu likageuka. Sikutaka tena kujua nani anaijali kadi ikiwa mpya. Nilitaka kujua ikishazeeka itabaki mikononi mwa nani.

Hapo ndipo mahali draiva inapokaa panakuwa na uzito. Draiva ikiwa ndani ya keneli, anayebadilisha kitu kwenye keneli analazimika kuirekebisha na yenyewe. Hawezi kuvunja nyumba ya jirani akaendelea na safari. Draiva ikiwa nje, mwenye nayo ndiye wa kuikimbiza keneli. Siku akichoka kukimbia, wewe unabaki na keneli ya zamani au kioo cheusi.

Historia ya AMD inaonyesha hili kuliko maelezo yoyote. Mwaka 2007 walianza kutoa nyaraka za chipu zao kwa waandishi wa draiva huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote. Mwaka 2015 draiva yao ya amdgpu ikaingia kwenye keneli, toleo la 4.2. Mwaka 2016 dunia ilikuwa inasubiri waifungue draiva yao ya Vulkan, njia mpya zaidi ya michoro kuliko OpenGL, kama walivyoahidi. Dave Airlie na Bas Nieuwenhuizen hawakusubiri. Wakaandika yao, RADV, ndani ya Mesa. AMD walifungua ya kwao mwishoni mwa 2017. Zikaishi pamoja miaka kadhaa, na mwaka 2025 AMD wakaiacha ya kwao, wakasema watashikamana na RADV.

Kampuni imeacha draiva yake na kuhamia ile iliyoandikwa na watu wa nje. Nilisoma habari hiyo mara mbili.

Halafu kuna zile kadi za AMD za kizazi cha GCN, za mwanzo, zilizoanza kuuzwa mwaka 2012. Kwa miaka mingi zilibaki kwenye draiva ya zamani ya radeon. Kuanzia keneli ya 6.19 zimehamishiwa amdgpu bila mtumiaji kugusa kitu, na kazi kubwa ya kulifanikisha hilo ilifadhiliwa na Valve, kampuni ya michezo. Haikutoka kwa aliyezitengeneza. Kwa kuwa msimbo uko wazi, mtu mwingine mwenye sababu zake aliweza kuingia.

## Kizazi cha katikati

Hapa ndipo nilipokaribia kufanya kosa.

Kadi niliyoitaka mwanzoni ilikuwa GTX 1050 Ti ya NVIDIA, mshindani wa AMD. Kila fundi atakwambia hivyo hivyo, na kwa sababu nzuri: inakula wati 75 tu, inazipata zote kwenye sloti, haihitaji waya wa ziada kutoka kwenye pawa saplai. Kwa minara ya ofisi kama wangu, ambayo pawa saplai yake ina lebo ya wati 290 na haina hata plagi moja ya kadi, hiyo ni kama imetengenezwa kwa vipimo vyetu. Zimejaa Kariakoo.

Nitende haki kwanza. NVIDIA si watu wa kukimbia kadi zao mapema. 1050 Ti ilitoka 2016, na tawi la mwisho la draiva linaloihudumia ni namba 580 (halihusiani na RX 580), la mwaka 2025. Miaka tisa. Simu yangu haijawahi kupata nusu ya hiyo. Pia tangu Mei 2022 wamefungua moduli zao za keneli, kwa kadi za kizazi cha Turing na kuendelea, yaani GTX 1650 na wenzake.

Lakini angalia kinachotokea baada ya miaka tisa. Mrithi anayetakiwa kuichukua kadi ni nouveau, draiva huria iliyo ndani ya keneli. Kadi za zamani zaidi, za kizazi cha Kepler, nouveau inaweza kuzipandisha kasi, ingawa kwa mkono. Kadi za Turing na baada yake zina prosesa ndogo ndani, GSP, inayosimamia kasi yenyewe kwa fimweya (programu ya ndani ya kifaa) ya kampuni, na nouveau inaweza kuzungumza nayo. Katikati kuna GTX 900 na GTX 10. Hizo zinadai fimweya yenye sahihi ya NVIDIA ili kasi ipandishwe, na fimweya ya kazi hiyo haikutolewa kwa draiva huria. Nouveau inaziwasha, inaonyesha picha, lakini kadi inabaki kwenye mwendo ule wa kuamkia, kama daladala iliyokwama gia ya kwanza.

Zile zile zilizojaa madukani kwetu.

Niliifunga kompyuta nikaenda kutembea. Siku tatu kabla nilikuwa nimekwisha kumwambia mke wangu kwamba nimeshaamua, 1050 Ti, hata pesa nimetenga.

"Umebadilisha tena?" aliuliza niliporudi.

"Nimebadilisha swali," nikamjibu. Hakuridhika, na sikumlaumu.

## Fundi wangu hakukubali

Rafiki yangu fundi, tunaitana mkuu, alinisikiliza mpaka mwisho akiwa anasafisha feni kwa brashi ya mswaki. Kisha akaniambia nimegeuza mambo kuwa Simba na Yanga.

"Wewe unakata video, mkuu. Enkoda ya NVIDIA, ile inayobana video, ni bora kuliko ya hizo RX za zamani. Ukirenda kwa ukubwa uleule wa faili, ya kwao inatoka safi zaidi. Na Blender je?"

Alikuwa na haki kwa yote mawili, na nilikaa na hoja zake wiki nzima. Enkoda ya Polaris, familia ya RX 580, ni ya kizamani. Kwenye giza la ukumbi na taa za rangi inaacha vijimraba. Na Blender waliiondoa OpenCL, njia ya kufanyia mahesabu kwenye kadi, kwenye toleo la 3.0, mwaka 2021, kwa hiyo Cycles, injini yake ya kurenda, haiitumii RX 580 kabisa. ROCm, ile ya AMD ya mahesabu mazito na akili bandia, nayo imekwisha kuiacha familia hiyo. Ukitaka kazi za CUDA, mfumo wa NVIDIA wa mahesabu, nunua NVIDIA, na mtu akikukataza kwa sababu ya itikadi mwambie akulipie umeme wa siku ulizopoteza. Ila chukua Turing au mpya zaidi, usichukue kizazi cha katikati.

GTX 1650 ilinivuta kweli. Wati 75, moduli huria, mrithi anajulikana. Kwa wenye kasha dogo pengine ndilo jibu. Niliyoipata Kariakoo ilikuwa na gigi 4 tu na bei yake ilipita yangu, basi.

Intel Arc A380 nayo niliitazama kwa matamanio: wati 75, enkoda ya AV1, mtindo mpya wa kubana video. Inataka kipengele cha mazabodi kinachoitwa Resizable BAR, bila hicho kasi inaporomoka, na mnara wangu wa 2013 hauna. RX 6400 inaingia hata kwenye kasha jembamba, lakini haina enkoda yoyote. Kila moja ilikuwa na shimo lake.

Nilichoishia kujiuliza ni kitu gani ninakifanya kwa kweli. Mimi sirendi kwa Cycles. Majina ya dhahabu nayatengeneza kwa Eevee, injini nyingine ya Blender inayotumia OpenGL, na OpenGL ya Mesa kwenye Polaris haina shida. Video ya mwisho ninayompa mteja naweza kuirenda kwa prosesa usiku kucha nikiwa nimelala. Polepole, lakini haina vijimraba. Enkoda ya kadi niiachie zile nakala za haraka za WhatsApp, ambazo hata hivyo WhatsApp itazikamua upya.

Fundi alisema sawa, fanya utakavyo, ila pawa saplai hiyo utabadilisha. Nilibadilisha. RX 580 inakula wati 185 na inataka plagi ya pini 8. Nilinunua ya wati 500 iliyotumika, na waya wa kubadilishia plagi kwa sababu mazabodi yangu, kama nyingi za ofisi, haitumii plagi ya kawaida ya pini 24. Wanaopigia hesabu kadi ya RX 6600 wajue kwamba yenyewe ina wati 132, na kwa mwaka mzima tofauti hiyo inaonekana kwenye LUKU.

Moja la mwenye televisheni ya 4K: Februari 2024 HDMI Forum, wanaosimamia viwango vya HDMI, ilikataa utekelezaji huria wa HDMI 2.1 ambao AMD waliupendekeza kwa draiva yao. Mimi kioo changu ni cha 1080p, hilo halikunihusu.

## Majina saba

Kijana alirudi na kadi ya pili. Haikuwa na boksi, na feni zake zilikuwa na vumbi la namna ile inayoshikamana. Tukaichomeka. Safari hii mstari ulikuja na namba 1002:67df, na mabano yenye orodha: RX 470/480/570/570X/580/580X/590.

"Sasa hii mbona ina majina saba?" akasema. "Mimi nakuuzia ipi?"

Tulicheka wote, hata mteja wa jirani aliyekuja kutafuta chaja. Chipu ni moja, ndugu hao wote wanaitumia, na hifadhidata ya lspci inawataja kwa pamoja. Kinachowatenganisha ni kialama kidogo cha toleo mwishoni mwa mstari. Kikisomeka e7, hiyo ni RX 580. Kikisomeka ef, ni 570.

Ilisomeka e7.

Niliiacha ifanye kazi dakika arobaini kwenye jaribio la michoro huku nikitazama joto kwa amri ya sensors, maana kadi iliyochimba sarafu hujionyesha ikichemka na si ikiwashwa. Ilifika nyuzi 78 ikatulia. Feni moja ilikuwa na kelele. Tukaelewana laki mbili na sabini.

Nyumbani nilihamisha diski ili kadi ipate nafasi, nikafunga, nikawasha. Sikusakinisha kitu. Nilikuwa nimejiandaa kwa jioni nzima ya mapambano, nikabaki nimekaa sijui nifanye nini na mikono yangu.

Yule kijana aliniomba nimnakilie ile flashi. Nimeiona juzi, imening'inizwa kwenye msumari karibu na kikokotoo, imeandikwa KIPIMO kwa kalamu ya wino mzito. Jana niko kwenye daladala Ubungo, akanitumia picha ya kioo. Kadi ya GT 730, jina ambalo limebandikwa kwenye chipu za vizazi viwili tofauti. Hii ilisomeka GF108, kizazi cha Fermi, cha tawi la draiva la 390, ambalo lilikwisha kuachwa mwaka 2022.

*Kaka, huyu mteja anatumia hiyo Linux yenu. Nimwambieje?*

Nikamwandikia: *Muulize anataka kuifanyia nini.*

*Anasema kuchapa barua na kuangalia YouTube.*

*Kompyuta yake ina tundu la kioo kwenye mazabodi?*

*Ipo.*

*Basi hahitaji kadi.*

Ikapita kimya dakika nzima, tukapita hata Shekilango.

*Kaka, unaniharibia biashara.*